Jinsi ya kukodi lori la kunyonya udongo saiti: anza na tope, bei ya saa baadae

Watu wengi wanakodi hili lori kama wanavyokodi katapila, yaani mtu anapiga simu, anauliza saa moja shilingapi, anatajiwa, anasema poa lete kesho asubuhi, alafu kesho yake ikifika saa nne lori limejaa na hakuna hata mmoja saiti anayejua tope linaenda kumwagwa wapi. Lori limesimama, saa zinahesabiwa, vijana wamekaa kivulini. Hii imenikuta mimi mwenyewe. Tulikuwa na mashimo 30 ya kufukua siku ile tukamaliza 14, kisa dampo tuliyoitegemea ilikuwa inapokea udongo mkavu tu, tope la maji maji hawataki kuliona, na kati yetu wote hakuna aliyewauliza kabla. Ndo maana mwongozo huu nimeupanga kinyume na watu wanavyoenda, tope kwanza, bei mbele huko.

Kwa ambaye hajawahi kuliona likifanya kazi: ni lori lenye tanki kubwa la tope nyuma, tanki la maji au kompresa ya hewa, na paipu nene ya kunyonya inayoning'inia kwenye mkono wa juu. Fundi analegeza udongo kwa fimbo inayopuliza maji ya presha au hewa, paipu inanyonya hapohapo, na kebo au bomba lililokuwa limefukiwa linabaki limening'inia zima bila kuguswa na jembe wala meno ya katapila. Usilichanganye na lile gari la kunyonya majitaka. Yanafanana kwa mbali ila lile limetengenezwa kwa uchafu wa maji, ukililisha kokoto na udongo mzito utaliua.

Hatua ya 1: Je kazi yako inalihitaji kweli?

Hili lori ni la kazi ya kuchokonoa kwa uangalifu. Kufukua ili uone bomba la gesi liko kina gani, kuchimba shimo la nguzo sehemu yenye kebo nyingi, kuzunguka mizizi ya mti ambao hutakiwi kuuua, kusafisha chemba za valvu, kuchimba ndani ya jengo ambako mashine haiingii ila mpira unaingia. Hapo halina mpinzani.

Kuchimba msingi wote wa jengo kwa lori la kunyonya ni kuchoma hela. Chukulia mtaro wa mita 20, upana nusu mita, kina mita 1, hiyo ni mita 10 za ujazo za udongo uliokaa, bado hujaweka maji ya kuulegeza, na malori mengi makubwa yana tanki la tope la mita 6 hadi 12 za ujazo. Kinachofanyika saiti zilizopangwa vizuri ni kuchanganya, lori linafukua pale laini (yaani mabomba na kebo zilizofukiwa) zinapokatiza na pembeni yake, ukishaziona kwa macho katapila inamalizia sehemu iliyo salama.

Na kabla ya yote wenye laini waje wapige rangi. Nchi nyingi zina huduma ya kupiga simu moja na wenye laini wote wanajulishwa, Marekani kwa mfano namba ni 811, kwingine inabidi ufuate kampuni ya maji, ya umeme, ya gesi na ya simu mojamoja. Rangi inakuonyesha laini inapita takriban wapi, ila kina usiamini hata kama mtu kakutajia, kwasababu ardhi ya juu inaweza kuwa imekatwa au imejazwa mara kadhaa tangu bomba lilipolazwa. Kina unakijua ukiliona bomba, na ndo sababu kubwa ya kulikodi hili lori.

Hatua ya 2: Tope litaenda wapi

Hapa kaa sana, usipapite haraka.

Tupige hesabu ya shimo moja la kawaida la kuangalia bomba. Sentimita 30 kwa 30, kina mita moja na nusu, huo ni udongo wa mita za ujazo 0.135, kidogo tu. Sasa kama pampu inatoa lita 40 kwa dakika na fundi ameshika trigga (kifyatulio cha fimbo) dakika 10, umemimina lita 400, yaani mita za ujazo 0.4. Umeona? Kwenye tanki inaingia zaidi ya nusu mita ya ujazo na sehemu kubwa ni maji. Mashimo 20 ya hivyo ni kama mita 10.7 za ujazo, lori kubwa limejaa, na maji umetumia lita 8000. Udongo ukiwa laini dakika zinapungua, ukiwa mfinyanzi mgumu zinaongezeka, ila mfumo wa hesabu ni huohuo, fanya na ya kwako kwa udongo wako.

Alafu kuna uzito, ambao watu wanausahau kabisa. Lita moja ya maji ni kilo moja, tope zito linaweza kufika tani 1.7 au zaidi kwa mita ya ujazo, kwaiyo tanki la mita 10 likijaa tope zito ni tani 17 juu ya uzito wa lori lenyewe. Malori mengi yanafika mwisho wa uzito unaoruhusiwa barabarani kabla tanki halijajaa. Kwaiyo ukimuuliza mwenye lori tanki lake lina ukubwa gani, muulize na swali la pili: kisheria linaweza kutembea na tani ngapi za tope? Jibu la pili ndo la kupangia kazi.

Ukishajua unatoa mzigo kiasi gani, tafuta pa kumwaga, na uulize maswali haya kabla hujasaini chochote. Wanapokea tope la maji au udongo mkavu tu? Wanafungua na kufunga saa ngapi? Kutoka saiti ni dakika ngapi kwenda na kurudi ukiweka na foleni ya barabarani? Wanataka karatasi ya vipimo vya udongo? Hili la mwisho ni zito kama saiti yako ilikuwa kituo cha mafuta, gereji au kiwanda, tope lenye mafuta au kemikali linaweza kuhesabiwa ni taka hatari, linaenda sehemu yake na gharama yake, na ukilimwaga kienyeji kesi inaweza kuwa yako wewe uliyeagiza kazi, dereva ataonyesha tu karatasi.

Kama saiti ina nafasi, chimba bwawa la muda, weka turubai zito chini, lori limwage pale, maji yachuje, udongo ukikauka unauhamisha kama udongo wa kawaida. Hili limeniokolea muda kuliko kitu kingine chochote. Ila lizungushie uzio, tope linaonekana gumu juu na chini ni uji, mtoto au hata mtu mzima akikanyaga anazama.

Hatua ya 3: Maji au hewa

Ya maji inakata haraka, inamudu mfinyanzi na udongo ulioshikana, na kwenye nchi za baridi maji ya moto yanayeyusha ardhi iliyoganda. Ubaya wake umeshauona hapo juu, tope na maji mengi, na udongo ule hauurudishi kwenye shimo, inabidi ununue mchanga au kifusi kingine cha kufukia.

Ya hewa ni taratibu, kwenye mfinyanzi mgumu unaweza kukata tamaa, lakini udongo unatoka mkavu na mara nyingi unaurudisha shimoni uleule. Huhangaiki na maji, huhangaiki na dampo la tope. Kwenye udongo wa kichanga au tifutifu, na mashimo yako ni machache, mimi ningechukua hewa bila kujiuliza mara mbili. Vumbi lipo, na udongo mkavu ukipita kasi kwenye mpira unatengeneza umeme tuli, kwaiyo hakikisha lori limeunganishwa na ardhi kwa waya wake.

Mchukulie mwenye lori sampuli ya udongo, hata kwenye mfuko wa plastiki, au mtumie picha ya shimo ulilochimba kwa koleo. Opareta mzoefu akiuona tu anajua.

Hatua ya 4: Ukubwa na nguvu ya kunyonya

Kuna la kuvutwa na pikapu, dogo, linaingia vichochoroni, zuri kwa mashimo machache. Kuna lori kamili, lenye maji kwenye lita 4000 hadi 5000 na kuendelea. Usikimbilie kubwa kabla hujapima geti, upana wa njia, na kama ardhi ya saiti inabeba, maana lori lililojaa likititia unalivuta na nini?

Nguvu inasomwa kwa vitu viwili. Kuna kiasi cha hewa inachovuta, na kuna ukali wa mvuto, huu wanaupima kwa inchi za zebaki. Yenye feni inavuta hewa nyingi ila mvuto wake si mkali, inafaa shimo fupi lori likiwa karibu. Yenye blowa (pampu ya hewa) ya rota mbili ina mvuto mkali, zinafika kwenye inchi 27 hivi, hiyo ndo ya kuomba kama shimo ni refu, tope ni zito au lori litakaa mbali na shimo. Ukilaza mpira mrefu nguvu inapungua kila mita na kila kona, kwaiyo mwambie mwenye lori umbali halisi kutoka litakaposimama mpaka shimoni, uupime kwa futi kamba, na aje na mipira ya kutosha.

Na kama saiti iko juu milimani mtajie mwinuko. Usawa wa bahari hewa inasukuma kwa karibu inchi 30 za zebaki, ukipanda mita 1500 zinabaki kama 25, na hakuna mashine inayoweza kunyonya kuzidi hewa iliyopo. Lori lililokuwa linaruka pwani, mlimani linachoka, na si kosa la opareta.

Hatua ya 5: Na opareta au bila

Chukua na opareta. Najua bila opareta bei inashuka, na kama una watu wako waliofundishwa na wana leseni ya gari kubwa sawa, lakini kwa mara ya kwanza au ya pili chukua na opareta. Anayeshika ile fimbo ya maji ameshika kitu kinachoweza kukata kebo na kumkata mtu. Uliza ana muda gani kwenye mashine hii hii, sio kwenye malori kwa ujumla, na kama anakuja na msaidizi. Mmoja kwenye fimbo, mmoja kwenye rimoti ya mkono wa paipu, pungufu ya hapo usikubali.

Hatua ya 6: Sasa ongea bei

Hapa ndo unauliza saa moja kiasi gani, ila uliza na haya yote na yaandikwe. Saa inaanza kuhesabiwa lori likitoka kwao au likifika kwako? Kiwango cha chini ni saa ngapi, maana wengi wanakutoza saa kadhaa hata ukilitumia moja. Safari ya kwenda kumwaga na kurudi inahesabiwa kazi? Ada ya dampo iko ndani au juu? Maji ni ya nani? Mafuta ya nani? Likiharibika katikati ya siku wanaleta lingine ndani ya muda gani na zile saa za kusubiri nani analipa? Nozeli (kichwa cha fimbo panapotokea maji) na mipira ikichakaa ni juu ya nani?

Ukipata majibu piga hesabu ya shimo moja limekugharimu kiasi gani mpaka tope limemwagwa, usilinganishe kwa saa. Lori la bei ya juu lenye tanki kubwa na blowa kali linaweza kumaliza siku moja kazi ambayo la bei rahisi linamaliza siku mbili na safari nne za dampo.

Bima nayo isome mwenyewe, usisomewe. Unatafuta sentensi inayosema laini iliyofukiwa ikiharibiwa nani analipa, na kama inahesabu hasara ya watu waliokatiwa huduma au ni ukarabati wa kebo peke yake. Kebo moja ya faiba ikikatwa ofisi nyingi zinazima, na madai yanakuja makubwa kuliko mkataba wako mzima.

Hatua ya 7: Andaa saiti kabla lori halijafika

Chanzo cha maji karibu, na ruhusa ya kukitumia, na ujue kinajaza lita ngapi kwa dakika, maana bomba dogo la bustani litakusimamisha saa nzima. Sehemu ya lori kusimama iwe tambarare na ngumu, mbali na ukingo wa shimo. Angalia juu, nyaya za umeme za hewani na ule mkono wa paipu ni hatari kubwa, kama zinapita karibu lori lihamie kwingine au umeme uzimwe na wenye nyaya. Alama za rangi zipige picha kabla, maji yakianza kutapakaa zinafutika.

Kingine kidogo ila kinaokoa muda: lami au zege la juu likatwe mapema. Maji ya lori hili hayatoboi zege.

Hatua ya 8: Kagua likifika, injini ikiwa inanguruma

Piga picha pande zote, geji ya masaa, matairi, mafuta. Alafu mwambie opareta awashe mvuto na afunge mdomo wa paipu, wewe soma geji. Ikipanda taratibu au ikigoma njiani kuna hewa inaingia sehemu, mara nyingi raba ya mlango wa nyuma imekwisha au kuna mpira umetoboka, na lori la hivyo litafanya kazi nusu kwa bei nzima. Uliza filta zimesafishwa lini. Jaribu kitufe cha kuzima dharura, jaribu valvu ya kukata mvuto, jaribu trigga ya fimbo, ukiachia lazima maji yakate papo hapo, kama imefungwa na waya ili isichoshe mkono usikubali kazi ianze. Nozeli iwe ya kuzunguka au ya kutawanya, sio ya tundu moja linalopiga mstari mmoja, hiyo inakata ganda la kebo kama kisu.

Hatua ya 9: Wakati wa kazi

Presha. Mashine nyingi zina uwezo wa psi (kipimo cha presha) 3000 na zaidi lakini karibu na laini hatufiki huko. Miongozo mingi inataka isizidi 2500, na ukishakaribia bomba la gesi inashushwa mpaka kama 1500. Mwenye laini ndo mwenye neno la mwisho, muulize namba yake uiandike kwenye karatasi ya kazi ya siku hiyo. Fimbo isitulie sehemu moja, itembee muda wote, na mdomo wa nozeli usigusane na laini, mwache umbali wa kama sentimita 20.

Mdomo wa paipu usizamishwe wote ndani ya maji. Hii mashine inabeba tope kwa upepo, ukizuia hewa isiingie inabidi ivute maji matupu kama mrija, na maji matupu hakuna mvuto duniani unaoyapandisha zaidi ya mita 10 hivi. Acha upenyo, hewa iingie na tope pamoja, utaona linavyokimbia.

Mkono au mguu wa mtu usikaribie mdomo wa paipu kwa sababu yoyote ile, hata kutoa jiwe lililokwama. Kata mvuto kwanza, ndo utoe jiwe. Nalisema hili kwa uzito wote, paipu ya inchi 6 au 8 ikikamata kiungo huwezi kukivuta kwa nguvu zako, kwaiyo lazima kuwe na mtu kwenye valvu anayeangalia muda wote, hachezei simu. Na maji ya presha yakimtoboa mtu ngozi, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano na haumwi sana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe ni maji ya presha, ndani kunaharibika kuliko nje kunavyoonekana.

Vaa buti na glavu zinazozuia umeme, miwani, na kinga ya masikio. Shimo likiwa refu mtu haingii bila kingo kushikiliwa, kuta zilizolowana zinaporomoka bila kuonya. Ndani ya tanki la tope haingii mtu kabisa, na mlango wa nyuma ukifunguliwa kumwaga watu wote wakae mbali na usawa wake.

Hatua ya 10: Kufukia na kurudisha

Kabla shimo halijafukiwa simamisha futi ndani, piga picha inayoonyesha bomba na kina chake, andika ni bomba la nini, la ukubwa gani, limelala kuelekea wapi, na weka kwenye mchoro wa saiti siku hiyohiyo. Nimeona watu wamelipia lori mara mbili kwa bomba lilelile kwasababu mara ya kwanza hakuna aliyeandika. Fukia kwa mchanga laini kuzunguka laini, shindilia tabaka kwa tabaka, usimwage jiwe juu ya bomba ulilolifukua kwa uangalifu wote ule.

Lori lirudi tanki likiwa tupu na limeoshwa, tope likikauka humo ndani watakutoza usafi na watakuwa na haki. Kwenye baridi kali maji yote yatolewe kwenye pampu na mipira yasigande. Piga tena zile picha za asubuhi, soma geji ya masaa mbele ya opareta, msaini wote wawili, na risiti ya dampo ya kila safari iingie kwenye faili lako pamoja na hiyo karatasi.